Vidole Viwili Ndani ya Mshono

Wauguzi wa wodi ya sita hawakuwa na kawaida ya kushuka kwenye chumba cha kufulia. Wao walituma. Alikuja mhudumu na toroli, au ililetwa karatasi yenye idadi ya mashuka, au simu ya ukutani ililia na mtu akasema, "Wodi ya sita tumeishiwa," akakata. Kwa hiyo Daktari alipomwona nesi mkuu wa wodi ya sita amesimama mlangoni saa nne asubuhi, mikono mitupu, hana toroli wala karatasi, alijua.

Alikuwa anakunja shuka na mwenzake waliyemwita Mrefu. Shuka la hospitali hukunjwa na watu wawili. Mnashika pembe, mnarudi nyuma mpaka linyooke, mnasogeleana, mnakutanisha pembe, mnarudi tena. Mrefu alimwona nesi, akasimama.

"Usiache," Daktari alimwambia. "Tumalize hili."

Wakalimaliza. Likawekwa juu ya mengine, Daktari akalipigapiga kwa kiganja kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Ndipo akageuka.

Miaka tisa nesi yule alimwita Daktari, kwa utani, kama walivyomwita wote, kwa sababu alivaa koti jeupe la kufulia na alikuwa na jibu la kila ugonjwa. "Daktari wa mashuka, hujambo?" ndiyo ilikuwa salamu yake kwenye korido. Siku ile alifungua mdomo, utani ukamkwama.

"Dada yangu," alisema.

Hakuhitaji kuongeza neno. Akaongeza hata hivyo, maana ndiyo kazi yake: ilikuwa saa tatu na dakika hamsini, mdogo wake hakuhangaika, mumewe alikuwa pale amemshika mkono.

"Alisema kitu?"

"Aliuliza kama umefika na gauni. Shemeji yako akamwambia bado. Akasema, basi, atalikuta mwenyewe."

Daktari akakaa juu ya furushi la mashuka machafu, jambo ambalo mwenyewe alikuwa akiwakemea wenzake wasilifanye. Nyuma yake mashine ya kukamua ilikuwa inapunguza mwendo, na kila ilipopunguza mwendo ililia tiki-tiki-tiki kama cherehani ya mdogo wake. Mrefu akakimbia kuizima.

Mchana wa jana yake mdogo wake alikuwa amemwambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza kitu cha kawaida, "Dada, kesho niletee gauni langu la kijani. Nataka kukuonyesha kitu." Daktari alidhani ni homa. Gauni lilikuwa kwenye chumba cha kazi cha mdogo wake, njia ya huko ilikuwa inapishana na njia ya hospitali, na alisema moyoni atalipitia saa ya chakula. Na sasa saa ya chakula ilikuwa bado haijafika.

Mdogo wake alikuwa fundi wa nguo za kike, na mtaani watu walishasahau kwamba ana jina jingine. Aliitwa Fundi tu. Alifanyia kazi kwenye chumba kimoja kilichotazama barabara, chenye mlango wa mbao wa mabawa mawili, cherehani ya kukanyaga kwa mguu ambayo rangi yake ya dhahabu ilikuwa imefutika pale mkono wa kulia unapopumzika, boksi la vipande vilivyobaki, na kona yenye pazia la maua ambako wateja walijaribia nguo. Kulikuwa na kioo kirefu. Mteja akilalamika kwamba gauni linamnenepesha, Fundi alikigeukia kioo kwa hasira. "Ni hiki hapa. Nimekikanya mara ngapi!"

Futikamba aliivaa shingoni tangu asubuhi, na Jumapili nyingine alifika nayo mpaka kanisani, akaimba nayo kwenye kwaya mpaka mtu alipomvuta mkono. Vipimo vya vifua vya watu hakuviandika. Alivihifadhi kichwani, akavisema hadharani endapo mtu atamchokoza. "Mke wa muuza vipuri, kifua arobaini na mbili. Kiuno anasema thelathini na nne, hilo tumwachie Mungu."

Jambo moja alilishikilia kuliko mafundi wengine. Wengi hukata kitambaa karibu kabisa na mshono. Yeye aliacha kwa ndani upana wa vidole viwili, kila upande, kila nguo. "Nimekuachia vidole viwili vya raha," alimwambia mteja. "Ukinenepa usihangaike, nirudishie nilifumue." Wanawake wa mtaa ule walivaa gauni moja miaka sita, saba, kabla ya kujifungua na baada ya kujifungua, na ndani ya kila gauni ungeweza kuona vitundu vya sindano vya mshono wa zamani, kama nyayo za mtu aliyehama nyumba.

Yeye mwenyewe hakuwa na sababu ya kufumua lake. Aliolewa na mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayeomba radhi hata akikanyagwa, na kwa miaka minane hawakupata mtoto. Shangazi wa mumewe aliwahi kusimama mlangoni mwa kile chumba akaitazama cherehani. "Kumbe huyu ndiye mtoto mwenyewe? Mbona hakui?"

"Hakui, shangazi," Fundi alijibu bila kunyanyua mguu, "lakini hana matusi."

Shangazi alipoondoka, Fundi aliingia nyuma ya pazia, akakaa huko muda mrefu. Daktari alikuwepo siku hiyo. Alimsikia anasali. Hakuomba mengi. Alikuwa anarudia tu, "Nikumbuke na mimi. Nikumbuke na mimi."

Akakumbukwa. Mimba ilipoingia, Fundi alilipa tumbo lake jina la Mteja. "Mteja wangu hana haraka," alisema. "Miaka minane anachagua kitambaa!" Alijishonea gauni la kijani la kuvaa mpaka mwisho, na kila alipolipanua aliandika kwa penseli ndani ya mshono ni mwezi wa ngapi. Alisema atamwonyesha Mteja akiwa mkubwa, aone alivyomsumbua mama yake.

Mimba ilikuwa ya miezi minne siku alipomwita Daktari nyuma ya pazia. Ilikuwa Jumapili, wametoka kanisani, mlango wa barabarani umefungwa bawa moja. Fundi alifungua vifungo viwili vya juu, akaushika mkono wa dada yake.

"Dada, hebu shika hapa. Siyo hapo. Hapa, karibu na kwapa."

Daktari alishika kwa vidole viwili. Chini ya ngozi kulikuwa na kitu kigumu, duara, ukubwa wa kifungo cha koti. Hakikuteleza sana.

"Kinauma?"

"Hakiumi."

Daktari alikuwa amezaa watoto watatu. Kila uzazi alipata mabonge ya maziwa, akayakanda kwa kitambaa cha moto, yakayeyuka. Mabonge yake yaliuma, na yalikuja baada ya mtoto, siyo kabla. Hilo alilikumbuka baadaye. Wakati ule alikuwa nyuma ya pazia la maua, mdogo wake anamtazama usoni kama anavyotazamwa daktari wa kweli, na neno lilikuwa karibu mdomoni. Katika lugha yetu maziwa ni yale anayonyonya mtoto, na maziwa ni matiti yenyewe pia. Ukiliweka neno moja juu ya jingine linakaa vizuri kabisa, wala huoni mshono.

"Ni maziwa hayo," alisema. "Yanajikusanya mapema kwa sababu ni mimba ya kwanza. Kanda kwa maji ya moto."

"Una hakika?"

"Mimi ni Daktari, bwana."

Wakacheka wote wawili. Fundi akafunga vifungo. Kimoja alikikosea tundu, na Daktari alidhani ni kwa kucheka.

Akakanda wiki tano. Kliniki alikuwa ameshakwenda mara moja. Walimpima uzito, presha na damu, wakampa vidonge, hakuna aliyegusa kifua. Safari ya pili alimkuta mkunga mtu mzima aliyekuwa akiwapima wanawake juu mpaka chini huku anawasimulia habari za mbuzi wake. Mbuzi amekula daftari la mjukuu, mbuzi amepanda juu ya kitanda. Vidole vyake vilipofika kwapani kwa kushoto, habari za mbuzi zikakatika katikati.

"Mwanangu," alisema, "vaa. Nakuandikia karatasi. Uende leo, siyo kesho."

Daktari ndiye aliyemsindikiza kwa vipimo vyote, maana aliyajua majengo. Walimpiga picha ya mawimbi ya sauti, ile ile wanayopigia tumbo, wakamwambia haina madhara kwa mtoto. Wakachoma ganzi kidogo, wakatoa vipande vyembamba vya nyama kwa sindano, vikapelekwa maabara. Siku tisa. Katika siku hizo tisa Daktari alifua mashuka ya hospitali nzima na hakumbuki hata shuka moja.

Bingwa aliyewapa majibu alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, aliyevuta kiti akakaa upande wao wa meza. Alisema ni saratani ya titi. Alilisema hilo kwanza.

Fundi alikuwa wa kwanza kuongea. "Na Mteja wangu?"

"Mteja?"

Akaonyesha tumbo. Bingwa akatabasamu kidogo, akamweleza taratibu. Mimba haikuileta saratani, na kuitoa mimba hakungemponya. Wangeweza kumtibu mtoto akiwa tumboni. Upasuaji unawezekana. Dawa za dripu zinawezekana, kwa kuwa alishavuka ile miezi mitatu ya kwanza, na zitasimamishwa wiki chache kabla ya kujifungua. Mionzi ndiyo itakayosubiri mtoto atoke.

"Kumbe siyo lazima nichague," Fundi alisema.

"Siyo lazima uchague."

Akajifunika uso kwa futikamba. Ilikuwa shingoni kama kawaida.

"Uvimbe huu uliugundua lini?" bingwa aliuliza, kalamu juu ya karatasi.

Daktari alihisi mdomo wake unafunguka. Wiki tano. Alikuwa aseme ni wiki tano, na ni mimi niliyesema ni maziwa.

"Wiki iliyopita," Fundi alisema, haraka, kama mtu anayekata uzi kwa meno.

Bingwa akaandika. "Afadhali," alisema. "Wajawazito wengi huchelewa. Ziwa linabadilika kila siku, kila mtu anawaambia ni maziwa."

Sakafu ya chumba kile ilikuwa ya saruji, na karibu na mguu wa meza kulikuwa na ufa wenye umbo la mkono wa saa. Daktari anaukumbuka mpaka leo. Ukweli hakuusema. Walipotoka, Fundi alimshika mkono, akaanza kuongea habari za nguo za kwaya zilizokuwa hazijamalizika. Kuanzia siku hiyo Daktari alijua kwamba mdogo wake amedanganya ili kumficha yeye. Alikuwa na deni la uongo huo na hakujua alilipe vipi.

Nyumbani kwake akaacha kulitaja lile neno. Watoto walidhani ni mzaha. "Mama, chai nyeupe unaiitaje?" "Nyeupe." "Yenye nini?" "Kunyweni, muende shule."

Wakamtoa ziwa la kushoto mimba ikiwa ya wiki ishirini na nne. Wiki tatu baadaye akaanza dripu, akapewa mara tatu. Nywele zilitoka, akajishonea vilemba vya vipande vya boksini, kila kimoja rangi saba. Akajishonea pia ziwa la kitambaa, akalijaza mabaki na mchanga kidogo wa kulipa uzito. "Hili halina maneno," alisema, akilipanga ndani ya nguo mbele ya kioo. "Nikichoka naligeuza mto." Wateja walikuja, akawapima ameketi. Mumewe, Mwalimu, alirudi kutoka shuleni kila mchana akamkanyagia cherehani wakati yeye anaongoza kitambaa kwa mikono, na mishono ya kipindi kile inajulikana mpaka leo kwa kupinda.

Mteja alizaliwa wiki ya thelathini na saba. Wa kike, kilo mbili na robo, analia kwa sauti ya kudai nguo yake. Wakunga wakamhesabu vidole mara mbili. Hakuwa na kasoro.

Siku ya tatu Daktari aliingia wodini na furushi la nguo safi, akamkuta mdogo wake ameketi kitandani, mtoto analia mikononi mwa Mwalimu, na mbele ya gauni la kijani, upande wa kulia, pamelowa duara kubwa. Dripu zilikuwa zinaanza tena wiki ile. Mtoto hakuruhusiwa kunyonya hata tone. Walikuwa wamempa mama vidonge vya kukausha na kumfunga kitambaa, lakini mwili haukusubiri vidonge. Ulimsikia mtoto, ukajibu.

Fundi alijitazama kifua. Akamtazama dada yake.

"Haya, Daktari," alisema. "Sasa ndiyo maziwa."

Akacheka. Mwalimu, ambaye hakujua kitu, akacheka naye. Daktari aliweka furushi juu ya kitanda, akatoka kwenda kutafuta maji ya moto ya chupa ya mtoto ambayo yalikuwa tayari mezani.

Maneno yale matatu ya mwisho yalimfuata miezi kumi na minne. Yalikuwa utani? Fundi aliweza kutania hata jeneza. Au ulikuwa mchomo, mmoja tu, wa mtu aliyemeza mengine yote? Aliyasikia mashine zikizunguka. Aliyasikia akifunga koti lake asubuhi. Kila kifungo alichoshika kwa vidole viwili kilikuwa kile cha nyuma ya pazia. Usiku, jikoni au kanisani, ilikuwa vile vile. Alisali apate ujasiri wa kuuliza swali moja: mdogo wangu, unanilaumu? Alipoupata ujasiri hakupata nafasi, na alipopata nafasi mtoto aliamka.

Kulikuwa na kipindi kizuri. Dripu ziliisha, mionzi ikaisha, nywele zikaota laini kama za mtoto, na mama na binti wakawa wanalinganishwa nani ana nyingi. Fundi alirudi kwenye kwaya. Kisha kikaja kikohozi, na picha ya kifua, na bingwa yule yule akavuta kiti tena akakaa upande wao wa meza. Safari hii hakukuwa na mipango ya kueleza.

Wodi ya sita. Mashuka ya wodi ya sita yana mstari wa buluu ukingoni. Yalishuka kwa Daktari kila asubuhi kwenye toroli na mengine, na bila mtu kumwambia alilitambua la mdogo wake, kwa sababu Fundi alikuwa na tabia ya kuviringisha pindo la shuka kati ya vidole akiongea, na pembe moja ilirudi kila siku imesokotwa kama utambi. Shuka hilo Daktari hakulitia kwenye mashine. Alilifua kwa mkono, pembeni, kwenye beseni. Mrefu aliona, akajifanya haoni.

Kila siku alipanda nalo likiwa safi, akalitandika mwenyewe. Kila siku swali lilikuwa ulimini. Siku moja kabla ya mwisho ndipo mdogo wake akasema habari za gauni.

Mwalimu alimpa ufunguo mchana wa siku ile nesi aliposhuka, kwenye korido. Alikuwa amembeba binti yake aliyelala, na kilemba cha mkewe kiko begani, amekisahau.

"Shemeji, nguo ya kumvika chagua wewe. Alisema la kijani."

"Alikwambia ni la nini?"

"Hakuniambia. Alisema wewe utajua kusoma." Akapangusa macho kwa kile kilemba. "Niwie radhi. Mimi sijui nguo."

Chumba kilikuwa na harufu ya mafuta ya cherehani na chaki. Pazia la maua limefunguliwa nusu, na Daktari alilipita bila kuligusa, kama mtu anayempita mgonjwa aliyelala. Gauni lilining'inia nyuma ya mlango. Alilikalisha mapajani kwenye kiti cha Fundi, akaligeuza ndani nje, maana kusoma nguo ya Fundi ni kuigeuza.

Kiunoni aliikuta miezi, kwa penseli, kama alivyotarajia. *Wa nne. Wa tano. Wa sita.* Kila mwezi na safu yake ya vitundu vya mshono uliofumuliwa. Akapandisha macho kifuani. Upande wa kulia mshono haukuwahi kuguswa. Upande wa kushoto, pale mshono unapopita karibu na kwapa, kulikuwa na safu mbili za vitundu, na mshono wa tatu wenyewe. Mshono ulikuwa ukihamishwa kwenda nje, nusu kidole, kisha nusu kidole tena, ndani ya vile vidole viwili vya ziada. Mtu alikuwa anauondoa juu ya mahali palipokuwa pakimsumbua.

Karibu na safu ya kwanza Fundi aliandika kama alivyoandika kwingine kote, kwa mazoea ya mkono. *Wa pili.* Karibu na ya pili, *wa tatu.*

Daktari alisoma mara nyingi. Alihesabu kwa vidole kama mtoto wa shule. Siku ile ya Jumapili nyuma ya pazia ilikuwa mwezi wa nne.

Alijua. Miezi miwili kabla ya kumwita dada yake, Fundi alishakijua kile kifungo, akakishonea njia. Mtu aliyesubiri miaka minane hakwenda kuuliza mwezi wa pili, akaogopa wangemwambia achague. Alikaa kimya mpaka tumbo likashika, na woga ulipomzidi hakwenda kwa daktari mwenye karatasi na sindano. Alimwendea Daktari wa mashuka, kwa sababu alijua huyo atamwambia nini. Alikuwa amelifuata lile neno. Na mbele ya bingwa, aliposema "wiki iliyopita", hakuwa anamficha dada yake peke yake.

"Ndicho ulichotaka kunionyesha," Daktari alisema kwa sauti, chumbani peke yake.

Alitegemea kwamba mzigo ungeshuka, na haukushuka. Vidole vyake ndivyo vilivyoshika, na mdomo wake ndio uliosema, na kama angesema neno jingine wiki tano zingeokoka. Lakini sasa chini ya mzigo ule kulikuwa na mtu wa pili, ameuinamia upande wa pili, kama wanavyoshika shuka watu wawili. Alilia hapo kwa mara ya kwanza tangu saa nne.

Gauni lilikuwa kubwa kwa mwili uliobaki. Mafundi watatu wa mtaa ule walikuja wenyewe na sindano zao.

"Nitalipunguza mimi," Daktari akawaambia.

"Wewe?" alisema mmoja, aliyekuwa mshindani mkubwa wa Fundi na amelia kuliko wote. "Daktari, wewe kifungo chenyewe kinakushinda."

"Basi nitajifunza leo."

Wakamtungia uzi, wakamkalia pande zote kama wakunga. Alifumua mshono wa mwisho wa kushoto, akaurudisha kwenye safu ya kwanza kabisa, ile iliyofumuliwa mwezi wa pili, mahali ulipokuwa kabla ya yote. Alijichoma mara nyingi. Mshono ulipinda kuliko hata ile ya Mwalimu. Mshindani alisogeza mkasi akate kitambaa kilichozidi ndani.

"Acha," Daktari alisema. "Vidole viwili."

Yule mama akaurudisha mkasi mfukoni.

Kesho yake, Ijumaa, asubuhi, Mama yao na Daktari walimwosha. Mama aliosha mkono wa kulia na kusema kwa upole kila alichokuwa akifanya, kama alivyomwambia alipokuwa mchanga: sasa mkono, sasa shingo. Walimvika gauni la kijani. Daktari alimwekea ziwa lake la kitambaa upande wa kushoto, kisha akafunga vifungo kuanzia chini, kimoja kimoja. Kilemba cha rangi saba. Futikamba walijadiliana, wakamwachia shingoni.

Kabla ya kufunikwa, kila mtu alipewa muda wake. Mwalimu alikaa kidogo tu, akamshika mguu. Daktari aliinama sikioni.

"Fundi," alisema, "nimeisoma." Swali lile hakuliuliza.

Ibada ilikuwa saa nane. Kwaya waliimba katika nguo alizowashonea, sauti ya pili ikiwa na pengo. Mchungaji alisoma, akasali, hakuongea sana. Walitembea hadi makaburini, siyo mbali. Jeneza likashushwa kwa kamba, likafika chini likiwa limekaa sawa. Mwalimu akatupa udongo, kisha Mama, kisha Daktari, kwa mkono ule ule ulioshika nyuma ya pazia. Halafu watu wa mtaa wakashika majembe.

Wakati wanafukia, mtoto aliamka begani kwa baba yake akaanza kulia. Mwalimu akambadilisha bega, akamtikisa, akamtazama shemeji yake.

"Anataka nini huyu?" Mama aliuliza.

"Maziwa," alisema Daktari.

Alitoa chupa kwenye mfuko, akaiinamisha, akadondosha tone kwenye kifundo cha mkono kupima joto. Akampa. Mtoto alinyonya amesimamishwa, anawatazama wenye majembe, mpaka kaburi likasawazishwa na mchungaji akasema amina.